Lebo Niliyoikata kwa Mkono Wangu

Sehemu ya Saba

Mlioniacha wiki iliyopita nikiwa chali katikati ya marundo ya karatasi, nipokeeni. Nimeamka.

Kwa mgeni aliyeazima gazeti hili kwa jirani, nakupa kwa ufupi ili twende pamoja. Mimi ni mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji. Nimeolewa mwaka wa nne huu na fundi wa lifti. Mtoto hatujapata. Daktari aliniambia homoni zangu zimevurugika na mayai hayapevuki kwa wakati wake, ndiyo maana hedhi yangu huja inapojisikia, kama mgeni asiyepiga hodi. Akanipa vidonge vya kuweka sawa sukari ya mwili, kwa sababu alisema vurugu imeanzia huko.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, naye akaniletea chupa ya unga wa mizizi. Unga wenyewe anaununua kwa magunia, anaufungasha nyumbani kwake na kuuza.

Nikatumia vyote. Daktari hakujua habari za unga. Wakwe zangu hawakujua habari za vidonge. Aliyejua vyote viwili ni mume wangu peke yake.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika mawili nikayabana kwapani kabisa, na aliyeponyoka ni mimi mwenyewe.

Kuna msomaji amemwandikia mhariri akaniita juha. Ahsante, ndugu yangu. Ukimaliza kusoma ya leo utatafuta neno kubwa zaidi, nami nitalipokea. Lakini kichwa siinamishi.

Haya, tuendelee.

"Amerudi," ilisema sauti juu yangu.

Alikuwa Gundi. Gundi ni mwenzangu anayebandika majalada ya vitabu. Jina tulimpa kwa kazi yake, ila linamfaa hata kwa tabia, maana akikushika hakuachii.

"Mimi nani?" akaniuliza.

"Gundi."

"Na wewe?"

"Mama Kisu."

"Basi akili ipo. Kunywa hii chai. Nimetia sukari mpaka kijiko kinasimama."

Kazini kwetu wanawake waliozaa huitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi sina, kwa hiyo waliniita Mama Kisu, kwa ajili ya mashine yangu ya kukatia. Walinipa jina hilo kwa utani, nikalichukua kwa ubishi. Ukiniita hivyo naitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mashine ile haishushi kisu mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa mikono miwili kwa pamoja. Ndiyo iliyoniokoa. Kizunguzungu kiliponipata mikono iliachia, kisu kikabaki juu. Bila hivyo leo ningekuwa nawaandikia kwa vidole vya miguu.

Msimamizi wetu alikuja akiwa amejishika kiuno.

"Nenda hospitali," akasema. "Na ukirudi, niletee karatasi ya daktari. Hadithi zako sizitaki."

Hadithi zangu. Siku hizi watu wananunua gazeti kwa ajili ya hadithi zangu.

Daktari wangu ni mwanamke mfupi asiye na maneno ya kupamba. Alinichoma kidole, akatazama kipimo, akanitazama mimi.

"Sukari yako iko chini sana. Umekula leo?"

"Nimekula."

"Umezidisha vidonge?"

"Hapana."

"Unatumia nini kingine?"

"Hakuna."

Akaweka kalamu chini. "Nje nina wagonjwa ishirini. Nikuulize tena, au nimwite anayefuata?"

Nikaukumbatia mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Mficha uchi hazai, mama," akasema. "Wewe umekuja hapa kutafuta nini?"

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaambiwa kama ilivyo, neno kwa neno, na mtu aliyevaa koti jeupe. Nikafungua mkoba, nikatoa chupa ya wifi, nikaiweka mezani.

Nilitegemea anigombeze. Nilikuwa nimeshapanga na majibu. Hakunigombeza. Aliigeuza chupa pole pole, akasoma lebo mbele, akasoma nyuma, kisha akafungua droo yake na kutoa chupa nyingine. Ilikuwa na jani lile lile la kijani na maandishi yale yale, ila chupa ndefu kidogo.

"Hii aliniachia mgonjwa mwingine mwaka jana," akasema. "Soma hapo chini."

Chini ya lebo ile kulikuwa na mistari miwili ya herufi ndogo nyekundu.

*Usitumie pamoja na vidonge vya kushusha sukari.*

*Acha mara moja ukipata mimba.*

"Sasa soma ya kwako," akasema daktari.

Nikaitazama ya kwangu. Chini hakukuwa na kitu. Lebo iliishia penye jani, ikakatika hapo, imenyooka kama mstari wa rula.

Mpishi huijua chumvi yake hata akiionja nyumba ya jirani. Mimi naujua mkato wangu. Ule ulikuwa mkato wangu.

Nikakumbuka yote pale pale kwenye kiti. Kazi namba mia nne kumi na nane. Karatasi zilikuja mezani kwangu zikiwa na agizo limebandikwa juu: *Chupa zimebadilika, ni fupi. Kata sentimita moja na nusu chini.* Niliona kitu chekundu ukingoni, nikadhani ni pambo. Jamani, mkata karatasi hasomi! Anaangalia alama ya kukatia. Nilipanga karatasi mia tano kwa mkupuo, nikazigonga zikanyooka, nikabonyeza vitufe viwili. Onyo likadondoka lote kwenye gunia la vipande. Msimamizi akapita, akasema, "Mkono wako haupindi, Mama Kisu." Siku nzima nilitembea kifua mbele.

Na wifi aliponiletea chupa, mnajua kilichonipa imani? Si maneno yake. Ni ile namba ndogo ya kazi ambayo kiwanda chetu huichapa wima pembeni mwa kila lebo. Nilipoiona nikasema moyoni, kitu kilichopita mikononi mwangu kitanidhuru vipi?

Haya, juha wenu ndiye huyu. Muoneni vizuri.

"Umekuwa ukinywa kiasi gani?" daktari akauliza.

"Kijiko kimoja asubuhi. Tangu mwezi uliopita, viwili. Wifi alisema kimoja ni cha wenye haraka ndogo."

Daktari hakucheka. Akanipa kikopo. "Nenda kaniletee mkojo."

"Wa nini?"

"Mwanamke akianguka tunapima. Nenda."

Nikaenda, nikarudi, nikakaa kwenye benchi la koridoni nikihesabu vigae vya sakafu. Vipimo vile mimi nimevipima nyumbani mara ngapi? Nimezoea mstari mmoja. Nimeuona mstari mmoja kwenye choo cha kazini, kwenye choo cha harusi ya binamu yangu, hata kwenye choo cha benki. Mstari mmoja na mimi tulikuwa tumeshazoeana.

"Ingia," daktari akaita. "Kaa."

"Nimekaa."

"Mistari miwili."

"Miwili ya nini?"

"Mama."

Nililia. Sioni aibu kuliandika hilo. Nililia na makamasi yakatoka, na daktari akanisukumia boksi la tishu huku akiandika, kana kwamba watu humlilia hivyo kila baada ya nusu saa, na huenda ndivyo. Nilifurahi kiasi cha kutaka kumbusu, yeye na meza yake na chupa zake zote mbili.

Kisha macho yangu yakaangukia ile chupa ndefu, mstari wa pili.

"Daktari," nikasema. "Hata asubuhi ya leo nimeunywa."

"Najua."

"Nimemdhuru?"

Akaacha kuandika. "Sijui unga huu una nini ndani wala kiasi gani, na aliyekuuzia hajui pia. Sitakudanganya kwamba umeharibu, wala sitakudanganya kwamba hujaharibu. Mitishamba yote siiti sumu, lakini hii hujui unachokunywa. Kuanzia sasa hivi acha. Vidonge nitakuelekeza upya. Mimba bado changa. Rudi baada ya siku kumi tufanye ultrasaundi, tutafute mapigo ya moyo."

"Na yasipokuwepo?"

"Tutazungumza siku hiyo."

"Hatutazungumza," nikasema, nikasimama. "Yatakuwepo."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Ubishi huo usiutupe," akasema. "Utauhitaji."

Nikatoka nje nikiwa na siku kumi mkononi na hasira inayotosha mwaka mzima.

Hasira ya kwanza ilikuwa juu yangu mwenyewe. Hiyo naijua na sitamwachia mtu mwingine anibebee. Lakini kisu hakishuki chenyewe. Kiwandani kwetu kuna sheria moja ambayo hata mfagiaji anaijua: bila saini hakuna kisu. Zamani wateja walikuwa wanaamuru kazi ikatwe, kisha wanarudi na kelele kwamba hawakusema hivyo. Tangu hapo kila kazi ina bahasha yake ya kaki, na ndani ya bahasha kuna karatasi ya idhini. Inaandikwa kinachobadilishwa, mteja anasoma, anatia saini. Bahasha zinakaa kwenye kabati la mapokezi. Sisi wa mashine hatuzioni. Tunaletewa agizo tu.

Kwa hiyo mtu alisoma mistari ile miwili myekundu, akachukua kalamu, akakubali iondolewe. Na mimi nilimjua mtu huyo. Unga wa nani? Chupa za nani? Nani aliyejigamba sebuleni kwangu kwamba, "Wifi, hata lebo nimechapisha kwenu, pesa zibaki kwenye ukoo"?

Wakati ule kikao cha ukoo kilikuwa kimeshaitishwa. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa wakwe zangu. Ajenda ilikuwa mimi. Mama mkwe alitaka nihamie kwake siku arobaini ninywe unga chini ya usimamizi wa wifi, kwa sababu eti nyumbani kwangu nauruka. Mume wangu alikuwa ameniahidi, "Siku hiyo nitasimama upande wako. Usiogope."

Basi nikapanga. Sitamwambia mtu habari ya mistari miwili, hata mume wangu. Jumamosi nitamuumbua kwanza wifi mbele ya baba yake na mama yake. Akishaloa, ndipo nitasimama nitangaze. Nilikiona kikao chote kichwani, mpaka na gauni nitakalovaa.

Mnaona tatizo langu? Mwanamke mwenye akili angeenda nyumbani akalala. Mimi nilitaka jukwaa.

Ijumaa Gundi, niliyempa namba ya kazi ile, aliniletea bahasha yake. Alikuwa ameifunga kwa utepe mpana na gundi yake mwenyewe juu.

"Nimeitoa wakati dada wa mapokezi ameenda kunywa chai," akasema. "Jumatatu iwe imerudi, la sivyo tutauza karanga mimi na wewe. Nimeichukua kwa namba tu, ndani sijaangalia. Fungua tuone."

"Hapana. Itafunguliwa mbele yao."

"Mama Kisu, unajinunulia mbuzi kwenye gunia."

"Mbuzi huyu namjua kwa sauti," nikamjibu.

Gundi akanishika mkono, na mnajua akishika. "Fungua kidogo tu."

Sikufungua.

Jumamosi ikafika. Sebule ya wakwe zangu ina viti vilivyovishwa vitambaa vya kusokotwa, na meza ya kioo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuwekea kiwiko. Baba mkwe alikaa karibu na dirisha. Alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na mbili, akastaafu, lakini ukarani haujamstaafu yeye. Miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi, na karatasi yoyote ikiingia nyumba ile, hata iwe ankara ya maji, lazima aisome kwa sauti mpaka mwisho.

Mama mkwe alikaa katikati. Wifi alikaa kulia kwake na kikombe mapajani. Mume wangu alikaa karibu nami, shati lake la kazini likinuka grisi.

"Mkwe wangu," mama mkwe akaanza, "hatukukuita kwa ubaya."

Neno hilo likitangulia, ujue ubaya uko njiani unakuja.

"Nimesikia, Mama."

"Miaka minne si mchezo. Wifi yako anahangaika kwa ajili yako. Mtu mwingine angenyamaza akakucheka. Leo utaanza hapa hapa mbele yetu, na hutarudi kwako mpaka siku arobaini ziishe. Na hivyo vidonge unavyovificha kwenye boksi la viatu, vitupwe. Ndivyo vinavyokukausha."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Boksi la viatu? Yeye alikuwa anatazama saa ya ukutani kana kwamba imeharibika na ameitwa kuitengeneza. Nikasema moyoni, basi, mama yake kambana akaropoka. Nikamsamehe palepale.

Wifi akanyoosha mkono wenye kikombe. "Kunywa, wifi yangu. Maji vuguvugu, sijatia uchungu mwingi."

"Siunywi."

"Usiwe mbishi. Dawa hii imewapa watoto wanawake wangapi?"

"Wangapi?"

"Wengi!"

"Nakuuliza wangapi, wifi. Wataje. Mimi nangoja."

"Baba, unamsikia? Unasikia anavyonijibu?"

"Namsikia," baba mkwe akasema. "Naye ameuliza idadi."

Mama mkwe akapiga paja. "Mwanamke gani anaukataa uzazi? Kama hutaki kuzaa, sema, tujue moja! Mwanangu naye ana umri wake."

Zamani maneno kama hayo yalikuwa yananitoa machozi njia nzima mpaka nyumbani. Jumamosi ile yalinipita. Ndani ya mkoba wangu, kwenye kitambaa, kulikuwa na kipimo chenye mistari miwili. Nikasimama. Nikaweka ile chupa yangu fupi juu ya meza ya kioo, na kando yake chupa ndefu niliyoiazima kwa daktari.

"Mama, Baba," nikasema, "mimi uzazi siukatai. Nautafuta kuliko mtu yeyote humu ndani. Ndiyo maana nataka tusome pamoja. Lebo hii ndefu ina onyo. Hii fupi haina. Aliyelikata ni mimi, kwa mashine, kwa mkono huu. Nakiri. Sikusoma nilichokikata, na hilo ni kosa langu mpaka naingia kaburini. Lakini kuna aliyeniagiza nikate, na huyo alisoma. Saini yake iko humu."

Nikampa baba mkwe bahasha.

Mzee alivaa miwani kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. Akaukata utepe kwa wembe wa kalamu zake za risasi, akatoa karatasi, akakohoa.

"'Kazi namba mia nne kumi na nane. Lebo ya dawa ya uzazi. Kata sentimita moja na nusu chini.' Eeh. 'Maneno yatakayoondolewa.' Wameyanakili hapa. 'Usitumie pamoja na vidonge vya kushusha sukari. Acha mara moja ukipata mimba.' Eeh. 'Mteja amesoma, ameelewa na ameridhia.'"

Mama mkwe akakitazama kikombe mkononi mwa binti yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakitazama kama kitu asichokijua.

"Mimi sikutia saini karatasi yoyote!" wifi akaruka. "Wallahi! Chupa zilikuwa fupi, ni kweli, nikasema lebo zipunguzwe. Lakini mimi huko kiwandani sikufika!"

"Usiape, wifi," nikasema, mkono kiunoni. Nilikuwa nafurahia, siwafichi. "Baba, saini ya nani hiyo?"

Baba mkwe akaisogeza karatasi dirishani. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakumtazama wifi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii ndoano ya mwanzo wa saini nilikufundisha mimi. Mezani kwangu ofisini, ukiwa darasa la nne."

Alikuwa anamtazama mume wangu.

Nikacheka. Naapa nilicheka, kwa sababu nilidhani mzee amezeeka macho. Nikamnyang'anya karatasi. Saini niliyoiona kwenye cheti chetu cha ndoa nikaiona pale. Na tarehe nikaiona. Ilikuwa siku ya ultrasaundi yangu ya kwanza, siku niliyolala peke yangu kwenye kitanda cha daktari kwa sababu mume wangu alipiga simu kusema kuna watu wamekwama kwenye lifti, ghorofa ya tisa, hawezi kuwaacha.

"Lifti," nikamwambia. "Watu wamekwama."

Akainamisha kichwa.

"Ulisoma?"

"Dada aliniomba nipeleke. Alijua wewe hutakuwepo, hakutaka uanze maswali."

"Sijauliza dada. Wewe ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukasoma vidonge vya sukari."

"Siku ile hukuwa umeanza vidonge."

"Na nilipoanza? Ulipokuwa unanishikia glasi asubuhi, unanikorogea?"

Akairudia saa ya ukutani. Mama mkwe alisema, "Jamani, jamani," wala haikujulikana anamwambia nani.

"Na mstari wa pili?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia inatokea mbali. "Acha mara moja ukipata mimba. Huo nao uliusoma?"

"Niliusoma."

"Ukauachaje ukatwe?"

Mume wangu akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba hana tena nguvu ya kudanganya. Laiti angekuwa nayo. Laiti angenidanganya mara moja tu tena.

"Ule," akasema, "sikudhani utakuja kukuhusu wewe."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. Miaka minne amenishika mkono koridoni, ameniambia itakuwa tu mke wangu, itakuwa tu. Naye moyoni alikuwa ameshafunga duka.

Gundi, mbuzi wako huyu hapa. Nimemfungua mbele ya watu.

Nikaikunja karatasi, nikairudisha kwenye bahasha. Nilichokuja kukitangaza nikakimeza. Sikumwona katika chumba kile hata mmoja anayestahili kukisikia, wala aliyenioa. Daktari alisema mficha uchi hazai, lakini daktari hakuwepo Jumamosi ile. Nilichukua chupa zangu, moja, mbili. Nikachukua mkoba. Nikasema, "Mimi sihami, sinywi, na vidonge vyangu havitupwi. Kwaherini."

Nikageuka kuelekea mlangoni.

"Mkwe," mama mkwe akaita. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Simama hapo."

Nikasimama.

"Mbona umeshika tumbo?"

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kulia, ule ule usiopinda, ulikuwa umelala chini ya kitovu, na sikujua umefika hapo lini.

Nyuma yangu nikasikia kikombe kinaanguka, na mume wangu anasimama.